Awino na Muziki Uliopanda Kiooni

Kuna harufu moja ambayo sijapata kusikia mtu akiitajia jina. Ni harufu ya vumbi lililolala muda mrefu ndani ya mashine ya umeme, kisha likaamshwa na joto. Si harufu ya kuungua. Inakaribia ile ya chapati iliyosahauliwa juu ya kifuniko cha sufuria, ikachanganyika na plastiki na nyaya. Mwezi uliopita nilipeleka redio ya mume wangu kwa fundi mmoja hapa Migori, naye alipoifungua na kuiwasha ikiwa wazi, harufu ile ikanipanda puani. Fundi akaniuliza, "Mama, nibadilishe hii spika ama niache?" Akaniuliza tena. Lakini nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa Homa Bay, mtoto wa miaka kumi, nimeketi kwenye mkeka wa shangazi yangu Peres, nikimsubiri binamu yangu Awino abonyeze swichi.

Ni vizuri nikwambie kwanza mimi ni nani, la sivyo majina yatakuchanganya. Baba yangu ni Mjaluo na mama yangu ni Mkuria, na kwa kuwa kila mmoja aliapa kwamba hatajifunza lugha ya mwenzake kabla mwenzake hajajifunza yake, sisi watoto tulilelewa kwa Kiswahili. Upande wa baba waliniita Akoth, kwa kuwa nilizaliwa mvua ikinyesha. Upande wa mama niliitwa Boke, jina la bibi yangu. Nikikosea niliitwa yote mawili kwa pamoja, na hapo nilijua pa kukimbilia. Baba aliuza vipuri vya baiskeli hapa Migori, na kila shule zilipofungwa alinipeleka Homa Bay kwa dada yake Peres, eti nikajifunze adabu na Kijaluo. Adabu nilijifunza kidogo.

Shangazi Peres tulimwita Waya, kama Wajaluo wanavyomwita dada wa baba. Alikuwa mwanamke mrefu, Msabato wa kufa na kupona, kiongozi wa kwaya kanisani. Nyumba yake ilikuwa mahali ambapo mteremko wa mji unakaribia ziwa, na miaka ile gugumaji lilikuwa limefunika maji hadi ungedhani mtu amelima sukuma wiki toka gatini mpaka upeo wa macho. Asubuhi upepo ulileta harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wanaokauka. Miaka ya mwanzo Waya aliimba tangu anapoamka. Aliimba akifagia, akapunguza sauti akisonga ugali, na akipepeta mtama alikuwa na wimbo wake usio na maneno, wa kuvumisha puani, ambao hata yeye hakujua ulitoka wapi.

Awino, mtoto wake wa pekee, alikuwa amenizidi miaka miwili. Alikuwa na sauti ambayo watu walitoka Rongo kuja kuisikiliza siku za makambi ya kanisa. Sisemi hivyo kwa sababu ni binamu yangu. Mimi nilikuwa namwonea wivu kwelikweli. Kisha akapata homa ya uti wa mgongo. Alilala hospitalini muda mrefu, na alipotoka alikuwa mzima wa kila kitu isipokuwa masikio. Yalikuwa pale pale kichwani, mazuri kama zamani, lakini hayakufanya kazi tena.

Likizo ya kwanza niliyomkuta hivyo, sikumtambua. Umbo lilikuwa lile lile, ila alikuwa ameketi kama mgeni nyumbani kwao. Bado alizungumza, lakini sauti yake ilikuwa imepoteza breki: alipodhani ananong'ona, jirani wa nyumba ya tatu aliitikia. Kuimba hakuimba tena. Shule alikuwa ameachishwa, kwa kuwa mwalimu wake alisema hawezi kufundisha mtoto mmoja kwa ubao na wengine kwa mdomo. Watu walikuwa wamemweleza Waya kuhusu shule ya bweni ya watoto viziwi. Waya hakutaka kabisa kuisikia. "Mungu hafungi mlango akameza ufunguo," alisema. Alimpeleka Awino Kisumu kwa madaktari, akamleta kwa maombi, akamrudisha Kisumu. Neno "kiziwi" halikutamkwa ndani ya nyumba ile, japokuwa mtu pekee ambaye lingemuumiza hangeweza kulisikia.

Sasa hiyo mashine. Mume wa Waya, Baba Awino, mtu mpole wa kucheka kwa mabega, alikuwa dereva wa mradi mmoja wa maji. Bosi wake alikuwa Mzungu kijana aliyeitwa Henriki. Mradi ulipofungwa, Henriki alimwachia vitu vitatu: viatu vya mvua vilivyomzidi mguu, runinga ndogo ya rangi, na kompyuta.

Usifikirie kompyuta za siku hizi. Hii mwili wake wote ulikuwa ndani ya kibodi nene, rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda, na ubavuni ilikuwa na mdomo wa kumeza disketi. Uliiunganisha na runinga kwa nyuma, ukaiunganisha na spika mbili za mbao, kisha ukaomba stima isipotee. Ukiiwasha bila kuilisha disketi ilidonoa: tak, tak, tak, kama kuku juu ya bati. Waya aliifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa sindano ya kuchokoa, chenye maua, na kwa miezi mingi kazi yake pekee sebuleni ilikuwa kuonyesha kitambaa hicho kwa wageni.

Henriki hakuwa na mchezo hata mmoja wa kompyuta. Alichoacha kilikuwa muziki, masanduku ya viatu yaliyojaa disketi za muziki. Baba Awino alitueleza jinsi alivyoelezwa: kwamba huko Ulaya kulikuwa na vijana waliotunga nyimbo kwa mashine kama hii, wakazipeleka kwa posta kwa watu wasiowahi kuonana nao, na wao wakarudishiwa nyingine. Hakuna aliyemlipa mwenzake. Henriki alikuwa mkusanyaji. Na ajabu ni kwamba hao wenzake wa barua hawakujua amehama. Bahasha ziliendelea kufika kwenye sanduku la posta la ule mradi uliokufa, na Baba Awino, aliyekuwa ameachiwa ufunguo, alizileta nyumbani. "Alisema zikija ni zetu," alituambia, akiziweka mezani kwa heshima, kama mtu aliyeleta samaki.

Siku ya kwanza niliyoona mashine ikiwashwa ilikuwa alasiri ya jua kali. Baba Awino alitaka kunifurahisha mimi mgeni. Awino aliketi kwenye kona yake akipanga vifungo vya shati kwa rangi. Disketi ikaingia, mdomo ukasaga krr, krr, na kiooni pakatokea safu nne za herufi na tarakimu. Kisha muziki ukaanza, na zile safu zikaanza kupanda.

Nitajaribu kueleza, maana sijaona tena kitu kama kile. Kila wimbo ulikuwa na safu nne, na kila safu ilikuwa na sauti yake: moja ngoma, nyingine besi, nyingine filimbi au kitu kama kinanda, na ya mwisho chochote mtungaji alichotaka, hata mtu akikohoa. Kila sauti iliandikwa kwenye mstari wake. Mistari ilipanda polepole kutoka chini ya kioo, na kila ulipofika katikati, kwenye utepe mmoja wa rangi, ndipo ulilia. Kwenye kila safu kulikuwa na mhimili wa rangi ulioruka sauti ilipopigwa, ukarudi chini taratibu, kama pumzi. Kwa hiyo uliona wimbo ukija kabla haujafika. Uliona ngoma ikikaribia, ukaisubiri, ikafika, ikapita, ikapotea juu.

Awino aliinua macho kutoka kwenye vifungo. Akatazama. Akaja kuketi karibu sana na kioo hadi pua ikaguswa na umeme ule wa runinga unaosimamisha vinyweleo. Baada ya muda alinyoosha mkono bila kutazama, akaulaza juu ya spika.

"Iko hapa," alisema kwa sauti ya kupasua chumba. "Akoth! Iko hapa na iko pale!"

Kuanzia siku hiyo likizo zangu zote zilikuwa na rangi moja. Tukishamaliza kazi za nyumba, na kama si Sabato, na kama stima ipo, tulifunga mapazia na kuketi mbele ya kioo, miguu imekunjwa, mwanga wa bluu usoni. Nikifumba macho leo bado naona vumbi likielea kwenye upenyo wa pazia, na nasikia zile nyimbo za watoto wa nchi za barafu zikitambaa kwenye nyumba ya mji wa samaki. Nyingine zilikuwa za haraka, kama cherehani iliyochizi. Nyingine zilikuwa polepole na zenye mwangwi, hata nilihisi nyumba imeng'oka na kuelea juu ya gugumaji, nasi ndani yake, mpaka mtu agonge mlango kuomba chumvi, nasi tushuke kwa kishindo.

Kazi yangu ilikuwa kuwa masikio. Sikuiomba kazi hiyo, na ilikuwa na bosi mkali.

"Hii safu ya tatu inalia namna gani?"

Niliugeuza uso wangu kwake ili aone midomo. "Kama mtu anamimina dengu kwa sufuria."

"Dengu ama maharagwe?"

"Dengu."

"Sufuria iko na maji ama haina?"

Ilinibidi kusikiliza upya. Sijawahi tena maishani mwangu kusikiliza kitu kwa bidii kama ile. Nilijifunza kwamba kuna sauti inayoanza na ncha kama mwiba na nyingine inayoanza na unyoya, kwamba kuna besi inayokaa tumboni na nyingine inayokaa kwenye magoti. Nikikosa neno la Kiswahili nilijaribu Kijaluo, na Awino alicheka hadi akalala chali, kwa sababu, alisema, hata midomo yangu ilikuwa na matamshi mabaya.

Tuliweka disketi zote kwenye masanduku ya viatu na kuzipa majina yetu, maana majina yake ya asili yalikuwa ya lugha tusizojua. Hapo ndipo tuligombana sana. Mimi nilitaka kuziita jinsi zinavyosikika, yeye alitaka kuziita jinsi zinavyoonekana. Wimbo niliouita Treni yeye aliuita Mchwa, kwa sababu mistari yake ilifuatana bila nafasi. Nilioupenda kuliko zote, wa polepole wenye filimbi, aliuita Shamba Baada ya Mavuno: herufi moja hapa, halafu utupu, halafu nyingine kule mbali. Hatimaye kila disketi ikawa na majina mawili, kama mimi.

Alipochoka kutazama nyimbo za wengine alianza kuzifungua. Mashine iliruhusu hivyo. Ulisimamisha wimbo, ukaingia ndani ya safu, ukabadilisha. Kwenye kwaya Awino alikuwa amefundishwa do re mi tangu utotoni, na alipogundua kwamba herufi za kiooni zilikuwa ngazi ile ile kwa jina lingine, hakulala vizuri wiki nzima. Aliziba safu, akafuta, akapanga. Aliniita, "Sikiza hii, inaenda juu ama imepotea?" Nilimwambia imepotea. Alinuna, akairekebisha. Tukirudia, mkono wake wa kushoto kwenye spika, wa kulia ukipiga meza kwa vidole, hakukosa pigo hata moja. Mtu asiyejua angeapa kwamba anasikia.

Na kweli kuna mtu aliapa. Siku moja Waya aliingia na ndoo mkononi, akamkuta Awino akipiga meza kwa mdundo wa wimbo uliokuwa ukilia, sawasawa, kichwa kikiyumba. Aliiweka ndoo chini polepole. Alisimama pale mlangoni, kisha akatoka nje, na nikasikia akiimba kwa sauti kuu, wimbo kamili wenye maneno, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu mtoto atoke hospitalini.

Sikio halilali na njaa, wahenga walisema, na masikio ya mtaa ule yalishiba haraka. Kufikia Jumapili Waya alikuwa amealika watu kuja kushukuru. Alikaanga mandazi ya kujaza beseni, akachemsha chai ya mchaichai. Alikuja mzee wa kanisa, Mzee Okelo, aliyekuwa na suti nzito ya hudhurungi na moyo mwepesi. Wanakwaya walifika wote, na majirani Wakatoliki nao hawakukosa, kwa sababu mandazi hayana dhehebu. Awino aliambiwa tu kwamba wageni wanakuja kuona mashine. Alifurahi. Alivaa gauni lake la kola nyeupe, akapangusa kioo kwa kanga.

Waya alisimama mbele ya watu. Alizungumza Kijaluo, kisha kwa ajili ya majirani wasiojua akarudia kwa Kiswahili. "Ndugu zangu, mnajua vile tumelia katika hii nyumba. Leo Mungu amefungua. Mtoto anasikia. Hata kama ni kidogo, anasikia. Nyinyi mtaona na macho yenu."

Alimgusa Awino begani, akamwonyesha mashine. Awino akaweka ule wimbo wa Mchwa. Ukaanza kulia. Mistari ikapanda, mkono wake ukatua kwenye spika, vidole vikaanza kupiga meza, na sebule nzima ikashusha pumzi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mzee Okelo akainua mikono, akaanza kushukuru kwa sauti kwamba mtoto amefunguliwa masikio.

Awino alikuwa ameugeuza uso kuwatazama wageni, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Nikamwona akisoma midomo ya Mzee Okelo. Mzee alizungumza polepole, kama wanavyozungumza wazee wa kanisa, na midomo yake haikuficha kitu. Vidole vya Awino vikaacha kupiga. Akamtazama mama yake. Waya alikuwa amefumba macho, machozi yakitiririka hadi kwenye kidevu, na anatabasamu.

Mimi nilikuwa karibu naye. Nilimfinya kidogo kwenye paja, maana yangu ikiwa: endelea kupiga, endelea tu. Kwangu jambo lilikuwa rahisi. Mandazi yalikuwa mengi, watu walikuwa na furaha, na ilihitajika tu vidole vyake viendelee.

Awino aliinuka. Alichukua kile kitambaa cheupe cha maua, akakifungua vizuri, akaifunika nacho runinga, na mwanga wa bluu ukafifia. Kisha akasogea mbali na spika, akasimama katikati ya chumba, mikono ameinyanyua kidogo mbali na mwili ili kila mtu aione.

"Mama," alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa mno, kama kawaida. "Sasa sijui kama inalia."

Muziki uliendelea. Waya akafumbua macho.

"Mimi huona tu na mkono. Sisikii. Mama, mimi sisikii."

Stima haikupotea, ijapokuwa niliiombea ipotee. Wimbo ule ulifika mwisho, na kama zilivyokuwa nyimbo zile, ukajirudia toka mwanzo, wenye haraka na furaha, na binamu yangu akasimama katikati yake kama mtu aliyesimama kwenye mvua bila kulowa. Kisha akanigeukia, mimi masikio yake.

"Akoth, imeisha?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Nikaenda kuizima.

Waya aliketi chini sakafuni, pale pale alipokuwa. "Yawa, nyathina," alisema, ndiyo kusema, ole, mwanangu. Alilisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, na nilidhani sasa atapiga yowe. Hakupiga. Baba Awino alisimama nyuma yake, mkono kwenye bega lake, akitazama ukuta. Aliyetuokoa ni Mzee Okelo. Alishusha mikono yake iliyokuwa bado juu, akakohoa, akasema, "Chai itapoa. Wacha tunywe, halafu tutaona Mungu alikuwa anasema nini." Watu wakashika vikombe, kwa shukrani ya watu waliopewa kitu cha kushika.

Awino alikuwa amerudi kwenye mashine. Nilimwona akitafuta kwenye sanduku la viatu hadi akatoa disketi moja isiyokuwa na jina lolote, na nikashangaa, kwa sababu nilidhani nazijua zote. Mashine ikasaga. Akaibeba spika moja ya mbao, nyaya zake zikiburuta nyuma, akaiweka kwenye mapaja ya mama yake. Akachukua viganja vya Waya, kimoja baada ya kingine, akavibandika kwenye mbao.

Muziki uliotoka haukuwa mzuri. Lazima niseme ukweli. Ulikuwa besi tupu, nzito, kama lori lililosimama nje ya dirisha bila kuzima injini. Wanakwaya walitazamana juu ya vikombe. Hata mimi sikuelewa, na nilikuwa na aibu. Lakini nilikuwa namtazama Waya. Alikuwa ameikumbatia ile spika kama mtoto mchanga, kichwa ameinamisha, na uso wake ukaanza kubadilika, si kwa haraka, ni kama mtu anayejaribu kumkumbuka aliyemsalimia njiani. Kisha, akiwa amefunga mdomo, akaanza kuvuma. Ulikuwa ule wimbo wake wa kupepeta mtama. Noti kwa noti ulikuwa ndio huo, umeshushwa chini kabisa, mahali ambapo mkono unaweza kuukamata.

Awino alipiga magoti mbele yake, akaweka viganja vyake viwili shingoni mwa mama yake, pale sauti inapotokea. Wakakaa hivyo. Mmoja ameshika spika, mwingine ameshika koo. Wageni wakamaliza chai yao, wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga, na mandazi yakabaki nusu beseni.

Januari iliyofuata Awino alipelekwa kwenye ile shule ya bweni. Waya mwenyewe ndiye aliyefunga sanduku. Baada ya hapo likizo zetu zilikuwa fupi na zenye mikono mingi, kwa kuwa Awino alirudi akijua lugha ya ishara, na sasa mimi ndiye niliyekuwa na matamshi mabaya. Tuliupeleka wimbo wake kwa posta kwa kijana mmoja kati ya wale wenzake wa Henriki, tukidhani hatatujibu. Alijibu. Alirudisha disketi yenye nyimbo zake mpya, na karatasi iliyosema kwamba alipoucheza wimbo ule mbwa wake alihama chumba, naye akauliza tumefanyaje kupata besi kama ile. Awino alijivunia habari ya mbwa kuliko sifa yoyote aliyopata kanisani.

Mashine haikudumu. Hewa ya ziwa iliila kidogo kidogo, na siku moja stima ilirudi kwa nguvu ikaimalizia. Disketi ziliota ukungu mweupe. Baba Awino alizika zote nyuma ya nyumba kwa heshima fulani, amevaa vile viatu vya mvua.

Sasa Awino ni fundi wa nguo Kendu Bay, mashuhuri na mkali, na watoto wake walizungumza kwa mikono kabla ya kuzungumza kwa mdomo. Waya amezeeka. Alijifunza ishara akiwa mtu mzima, na Awino husema mama yake ana lafudhi ya Kijaluo hata vidoleni.

Kwa miaka mingi, nikikumbuka Jumapili ile, nilikuwa bado namlaumu Awino kidogo. Niliona angeweza kusubiri. Angepiga meza mpaka wageni watoke, kisha amwambie mama yake faraghani, taratibu. Mtoto wa miaka kumi aliyekuwa ndani yangu hakuwahi kumsamehe yale mandazi. Mwaka juzi, tukiwa wawili tu dukani kwake, nguo zikining'inia pande zote, nilimwambia hivyo kwa mikono yangu mizito. Hakukasirika. Aliweka mkasi chini ili mikono iwe huru.

Akaniambia kwamba tangu atoke hospitalini, kila asubuhi mama yake alimjia kwa nyuma alipokuwa ameketi sebuleni, akapiga makofi. Siku nyingine alimwita jina. Alidhani mtoto hajui. Lakini runinga ilipokuwa imezimwa na haijafunikwa, kioo chake kilikuwa cheusi, na ndani yake Awino alimwona mama yake akiwa mdogo kama kidole, amesimama mlangoni, akipiga makofi na kusubiri.

Nikamwuliza alifanya nini.

Akasema siku nyingi hakufanya kitu. Alikaa tu akimtazama. "Lakini siku nyingine," alisema, na mikono yake ikaenda polepole nisije nikakosa neno, "siku ambazo aliamka amechoka sana, niligeuka."

Nilidhani nilikuwa masikio yake likizo zote zile, nikimletea sauti za dunia mlangoni kama mtu anayemtekea maji mgonjwa. Sikujua kwamba yeye naye, akiwa na miaka kumi na miwili, alikuwa amembeba mama yake mzima, makofi na maombi na tumaini lake lote, asubuhi baada ya asubuhi. Siku ile mbele ya wageni alimtua chini, kwa sababu alikuwa ameona uzito ule unakowapeleka wote wawili, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumtua. Mimi niliona sherehe ikiharibika. Awino akachukua tena mkasi wake, akanipa ncha ya kitambaa nimshikie, akaendelea kukata.